Bakteria Sugu na Ugonjwa Sugu: Utata wa Istilahi kwa Mgonjwa Aliyepandikizwa Figo

Makala haya yanachunguza neno "sugu" linapomfikia mgonjwa aliyepandikizwa figo, kisha bakteria wakaingia katika damu yake. Mgonjwa huyo si wa nchi za mbali tena. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Mulago, Uganda, Desemba 2023. Kenya ilikuwa imetangulia kwa miaka mingi.

Ili mwili usiikatae figo ya mtu mwingine, mgonjwa hutumia kila siku dawa za kushusha kinga, kama vile takrolimasi na predinisoloni. Dawa hizo hazichagui: kinga inayozuiwa isiishambulie figo ndiyo hiyohiyo inayopambana na bakteria. Kwa waliopandikizwa figo, bakteria mara nyingi hupenya hadi kwenye damu kutoka njia ya mkojo, na wanaoongoza ni Escherichia coli na Klebsiella pneumoniae. Homa, ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa onyo la mapema, huweza kuwa hafifu au isiwepo kabisa. Ndiyo maana damu ya kuoteshwa maabara huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki, bila kuchelewesha tiba.

Baadhi ya bakteria hao hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja penisilini na sefalosporini. Wakiweza kuvunja hata dawa za kundi la kabapenemu, daktari hubakiwa na chache, mojawapo kolistini, ambayo inaweza kudhuru figo. Dawa inayookoa maisha inaweza basi kuigharimu figo iliyotolewa na ndugu.

Katika hali hiyo ya hatari ndipo mgonjwa huambiwa ana "maambukizi sugu". Huyu ni mtu aliyeishi kwa miaka na "ugonjwa sugu wa figo", ambamo "sugu" ni "-a kudumu". Ana kila sababu ya kudhani kwamba maradhi ya zamani yamerejea. Maana zote mbili zinatokana na ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, na katika mazungumzo ya kawaida hazigongani. Wodini zinagongana.

Tungo "usugu wa dawa" inazidisha utata, kwani a-unganifu haisemi nani aliye sugu. Wasemaji hulijaza pengo hilo kwa kauli iliyozoeleka: "mwili umezoea dawa". Kwa mgonjwa wetu, tafsiri hiyo ni ya kuogopesha. Kama mwili ndio uliozoea, busara ya kawaida ni kuupumzisha na dawa. Naye akiziacha zile za kushusha kinga, figo hukataliwa.

"Kinga" nayo haina nafuu. Katika miezi ya mwanzo mgonjwa hupewa "dawa kinga", kwa mfano kotrimoksazoli, pamoja na "dawa za kushusha kinga". Zote zimo katika mfuko mmoja, na majina yake yanakaribia kupingana.

Tanzania imepiga hatua kwa jina UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kuwa linamtaja mtenda. Hata hivyo, linabaki na "usugu". Napendekeza "ukinzani", ambalo tayari linatumiwa na baadhi ya waandishi, libebe maana ya bakteria kustahimili dawa, na "sugu" liachiwe maradhi ya muda mrefu. Vilevile "dawa kinga" iitwe dawa ya kuzuia maambukizi. Hoja ya gharama naielewa: nyaraka za sera zimeshachapishwa, na watumishi wameshafunzwa kwa istilahi zilizopo. Ikiwa istilahi haziwezi kubadilishwa sasa, basi mwongozo wa ushauri kwa mgonjwa uwe na sentensi zenye mtenda bayana: "Bakteria walio katika damu yako hawafi kwa dawa hii, hivyo tunaibadilisha. Si mwili wako ulioizoea. Dawa za kulinda figo usiache hata moja mpaka sisi tukuambie."