Tamthilia ya waliopotea: Watazamaji wa Gihosha wanasema nini?

TAMTHILIA nyingi za Kizungu hutazamwa jioni na kusahaulika kabla vyombo vya chakula havijaoshwa. Lakini ipo moja ambayo kila inapowekwa katika nyumba za hapa Gihosha, Bujumbura, watu hubaki wakibishana hata baada ya televisheni kuzimwa. Ni ile ya Wamarekani iitwayo Without a Trace, ambayo wengi wetu tunaijua zaidi kwa jina lake la Kifaransa, FBI : Portés disparus.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 2002 na ikamalizika Mei 2009, baada ya misimu saba. Hata hivyo, mtaani kwetu bado inapita mkono kwa mkono, zamani kwa diski na siku hizi kwa flashi. Inahusu kikosi cha wapelelezi wa FBI mjini New York kinachoongozwa na Jack Malone, mhusika anayeigizwa na Anthony LaPaglia. Kazi yao ni moja tu, kutafuta watu waliotoweka. Kila sehemu huanza kwa kumwonyesha mtu akiwa katika shughuli zake za kila siku, mara anafifia mbele ya macho yako kama moshi, hayupo. Kuanzia hapo saa zinahesabiwa.

Nimewauliza majirani zangu wanaionaje. Nilitegemea kusikia habari za waigizaji na mavazi yao, lakini nilichokisikia ni kingine kabisa. Msomaji ajue kwamba Gihosha ni mahali pa mchanganyiko. Wapo waliozaliwa hapa, wapo waliorudi kutoka Tanzania, na wapo wafanyabiashara ambao wiki hii wako Kobero, wiki ijayo wako Uvira au Kigoma. Ni vigumu kuingia katika nyumba zao usikute walau jina moja la mtu ambaye hajulikani aliko.

Kijana mmoja mwanafunzi wa chuo, ambaye ndiye huwatafsiria wazee Kifaransa cha tamthilia hiyo, anaisifu kwa ule ubao mweupe. Wapelelezi huchora mstari na kuandika kila saa ya mwisho ya mtu yule: alikula wapi, alizungumza na nani, alipanda gari gani. Kwa maoni yake, somo ni kwamba mtu hapotei mahali fulani tu, bali hupotea katikati ya watu waliomwona. Anasema familia nyingi za Warundi hazikuandika kitu chochote wakati kumbukumbu zilipokuwa bado mbichi, na sasa wale waliokumbuka wanazeeka.

Mzee mmoja aliyerudi mwaka 2009 kutoka makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, yeye hucheka kila namba za saa zinapotokea kwenye kioo. Alikimbia mwaka 1972 akiwa mtoto wa miaka minane, akaachana na kaka yake njiani usiku. Anasema Wamarekani wanahesabu saa, sisi tunahesabu miaka, na miaka yake imezidi 50. Haichukii tamthilia, ila anaona ni hadithi ya nchi ambayo mtu akipotea, wengine wote hubaki mahali pao. Kwetu, anasema, aliyetafutwa na aliyetafuta wote walikuwa njiani.

Maneno yake yana uzito ukiangalia historia. Wale wa mwaka 1972 waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakachagua uraia wa Tanzania badala ya kurudi. Wengine walikimbia baada ya 1993, na kambi yao ya mwisho, Mtabila, ikafungwa Desemba 2012. Halafu kuanzia mwaka 2015 watu zaidi ya 300,000 wakaondoka tena, wakapokewa Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma, Mahama nchini Rwanda, Nakivale nchini Uganda, na Lusenda upande wa Kongo. Kurudi kwa hiari kutoka Tanzania kulianza Septemba 2017. Katika safari zote hizo watu waliachana.

Mama mmoja muuza vitenge, anayevuka mpaka karibu kila mwezi, ndiye aliyenifungua macho zaidi. Anasema wapelelezi wale wana kazi rahisi kwa sababu mtu wao ameacha alama kila mahali: kadi ya benki, simu, kamera za barabarani. Zaidi ya hayo, wana jina la ukoo. Hapa Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza wasifanane jina hata moja. Ukiuliza kambini kama yupo mtu wa jina kama lako, hujauliza kitu. Tena kuna walioandikishwa kwa jina la ubatizo, kuna walioandikwa vibaya na karani asiyejua Kirundi, na kuna waliochukua jina la Kiha au la Kiswahili ili waishi kwa amani.

Basi yeye akiwa sokoni na kusikia mtu anaongea Kirundi cha kwao, humuuliza mambo manne: kilima gani, baba nani, mama nani, na mtaani walikuwa wakikuitaje. Anasema kwa maswali hayo amekwisha kuunganisha familia mbili, na hakuna aliyemlipa hata faranga.

Lakini si wote wanaoipenda tamthilia hii. Jirani mwingine, ambaye mumewe alitoka asubuhi moja ya mwaka 2015 na hajarudi, huinuka na kwenda jikoni inapowekwa. Kinachomuudhi ni mwisho wake. Kila baada ya dakika 40 na kitu, jibu limepatikana. Nilipomwambia kwamba zipo sehemu ambazo mtu anakutwa amekufa, na nyingine ambazo hapatikani kabisa, aliniambia hizo ndizo angekubali kuziangalia. Yeye si mjane, wala si mke mwenye mume. Shamba halijagawanywa kwa sababu ndugu za mumewe wanasema mwenyewe anaweza kurudi. Watoto wakiulizwa shuleni baba yuko wapi, kila mmoja ana jibu lake. Matanga hayajawekwa, maana nani athubutu kumzika mtu aliye hai?

Hapo ndipo ninapoona tamthilia imegusa jambo la kweli, hata kama ni la New York. Msiba wa kifo una siku ya kulia na siku ya kumaliza kulia. Msiba wa kupotea hauna siku hizo. Ndiyo maana katika matangazo ya Marekani, baadhi ya sehemu zilimalizika kwa picha ya mtu wa kweli aliyepotea, na watazamaji wakaombwa kutoa habari. Waliotengeneza walijua kwamba anayeangalia anaweza kuwa ndiye aliyeona.

Nasi hatukuwa nyuma katika jambo hilo, tena tulitumia chombo kinachofika vilimani kuliko televisheni. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia, na majina ya waliokuwa wakitafutana yakasomwa hewani. Mwaka 1997 Studio Ijambo ya hapa Bujumbura ilianza mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, kuhusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi. Mchezo ule haukuwa wa upelelezi, lakini wazee wa Gihosha wanaukumbuka, na wanasema ulifundisha jambo ambalo Jack Malone hajui: anayejua alikopita mtu wako huenda ni jirani mnayeogopana.

Wapo pia ambao hawatarudi. Mwezi Februari 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba mabaki ya watu 6,032 yamefukuliwa katika makaburi ya pamoja karibu na mto Ruvubu, katika uliokuwa mkoa wa Karusi. Yalikutwa na nguo, miwani na rozari. Nguo na rozari zinaweza kumtambulisha mtu kwa aliyeishi naye, lakini hazina jina. Ndiyo kusema hata aliyekufa anahitaji mtu aliyehifadhi habari zake.

Sasa tufanyeje? Kwa wanaorejea na kwa wanaovuka mipaka, yapo mambo yanayowezekana leo. La kwanza, Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu waliopotezana bila malipo. Kazi hiyo ya Kamati ya Kimataifa ina mizizi tangu mwaka 1870, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia. Unapokwenda kuomba, nenda na majina yote ya mtu, hata ya utani, majina ya wazazi, kilima alikozaliwa, mahali na mwaka mlipoonana mara ya mwisho. Ukipewa karatasi ya ujumbe, andika habari za familia tu, maana barua hiyo haifungwi, na siasa itaizuia.

La pili, fanyeni ubao wenu nyumbani. Daftari la mtoto wa shule linatosha. Mzee aliyekaa Ulyankulu aseme, mjukuu aandike. Na la tatu ni la hadhari: wapo matapeli wanaosikia jina linalotafutwa wakadai pesa ili wamlete mtu. Anayemjua ndugu yako kweli atakujibu swali ambalo hukulitaja popote, kama vile mti uliokuwa mbele ya nyumba yenu.

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Katika nchi hii ya vilima tunaliamini hilo kuliko wengine. Lakini binadamu wanaweza pia kukutana Kobero au Manyovu, wakapandana mabega kwenye foleni ya forodha, kisha kila mmoja akashika njia yake bila kujua kwamba aliyempisha ni ndugu yake. Yule mama wa vitenge anasema swali la kilima halimcheleweshi hata dakika mbili, na mzigo wake haujawahi kuachwa na gari kwa sababu hiyo.