Datsun 240Z: Kabla Hujaing'oa Pampu ya Hewa

Afrika Mashariki inaikumbuka Datsun 240Z kwa vumbi na matope ya Safari Rally. Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka 1971, na mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Soko lake kubwa, hata hivyo, lilikuwa Marekani, na huko wanaozitunza hadi leo wana ubishi usiokwisha: vifaa vya kupunguza moshi vilivyofungwa kiwandani vibaki, au ving'olewe ili injini ipumue?

Chanzo cha ubishi kiko Los Angeles, mji uliozungukwa na milima, ambako hewa chafu hukwama. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Mholanzi Arie Haagen-Smit alionyesha ukungu uliokuwa ukiwachoma watu macho unatoka wapi. Petroli isiyoungua, yaani haidrokaboni, hukutana hewani na oksidi za nitrojeni, jua likavipika pamoja, ikazaliwa ozoni. Juu kabisa angani ozoni ni ngao yetu; hapa chini tunapovuta pumzi, huumiza mapafu. Mwaka 1970 sheria ya hewa safi ya Marekani iliwataka watengenezaji wapunguze haidrokaboni na kaboni monoksidi kwa asilimia 90.

Sasa fungua boneti. Kuna valvu ndogo, haizidi kidole gumba, iitwayo PCV. Pistoni haizibi silinda kikamilifu. Gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kushukia kwenye oili. Zamani gesi hiyo iliachwa itoke nje, na ilikuwa karibu sehemu moja ya tano ya haidrokaboni zote za gari. Valvu huirudisha kwenye silinda ikaungue. Ukiiziba, mvuke wa maji na tindikali hubaki ndani, na oili hugeuka tope jeusi. Ifungue, itikise karibu na sikio: ikigongagonga haijakwama, ikiwa kimya, nunua nyingine. Anayeitupa anaiua injini yake mwenyewe.

Pembeni kuna pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda. Husukuma hewa safi hadi kwenye milango ya ekzosi, ambako gesi bado ni moto mkali, ili petroli iliyoponyoka iungulie hapo. Nguvu inayokula ni ndogo mno. Mwaka 1973 ukaongezwa mfumo wa EGR, unaorudisha moshi kidogo ndani ya injini ili kupoza mwako, kwa kuwa oksidi za nitrojeni huzaliwa kwenye joto kali sana. Nao hufunga ukikanyaga mafuta hadi mwisho. Anayeung'oa akitafuta mbio hatazipata.

Basi nguvu zilipotelea wapi? Ili kutimiza sheria, wahandisi wa miaka ile, wasio na kompyuta ya kuongoza injini, walipunguza mgandamizo, wakachelewesha cheche, wakabana petroli. Kabureta za 240Z ya mwaka 1973 zilishika joto hadi petroli ikachemka ndani na gari likazimika njiani. Hasira ya wenye magari ilikuwa ya haki, ila iliishia kwa pampu isiyo na kosa. Mwaka 1975 Datsun 280Z ilikuja na mfumo wa kielektroniki wa kupuliza petroli, na matatizo mengi yakaisha bila hewa kuchafuliwa zaidi.

Leo California haipimi moshi wa magari ya petroli ya kabla ya mwaka 1976. Lakini kusamehewa kipimo si ruhusa ya kung'oa. Gari moja la zamani lisilo na vifaa hivi laweza kutoa haidrokaboni nyingi kuliko makumi ya magari mapya yenye masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, na wanaozivuta ni watoto wa mtaa uleule.

Kwa hiyo, kabla hujashika spana, kagua mipira ya kupitishia hewa. Mpira wa miaka 50 hukauka na kupasuka, injini ikavuta hewa isiyopimwa, ikatetema na kukosa nguvu. Badilisha mipira yote, rekebisha kabureta, kisha liendeshe. Huenda ukagundua kwamba gari ulilotaka kulikomboa halikuwa kifungoni; lilikuwa linavuja tu.