Kompyuta Kuukuu na Chombo cha Kusema: Namna ya Kuvipatanisha



Mwenzetu mmoja wa kiwanda cha sabuni alirukiwa na kostiki machoni akiwa zamu, na tangu siku hiyo haoni. Mwajiri alisema hana kazi ya kumpa. Chama kikajibu kwamba kazi ipo: stoo ya kiwanda ina kompyuta ya zamani inayotunza hesabu ya mapipa na magunia, na mtu asiyeona anaweza kuitumia madhali inasema. Mwajiri akakubali miezi mitatu ya majaribio. Wiki mbili za kwanza zikapotea bure, kwa kuwa chombo cha kusema kilikaa kimya, na kila siku ya ukimya ikaandikwa kuwa ni upungufu wa mfanyakazi. Kumbe kasoro ilikuwa katika mistari miwili ya maandishi ndani ya kompyuta ile. Kwa sababu hiyo tumeona tulieleze jambo hili, maana kompyuta za namna hiyo huenda bado zimo katika baadhi ya ofisi za mashamba na viwanda, na si kila mahali pana fundi anayezikumbuka.

Kwanza tujue vitu vyenyewe, navyo ni vitatu. Kuna chombo cha kusema, kisanduku chenye spika ambacho hupokea herufi na kuzigeuza kuwa sauti. Vilivyojulikana sana katika miaka ya 1980 na 1990 ni DECtalk, DoubleTalk, Accent na Apollo. Hayati profesa Stephen Hawking, aliyefariki mwaka 2018, alisema na dunia kwa chombo cha jamaa hiyo. Kitu cha pili ni programu ya kusoma kioo, ambayo huangalia kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta na kuamua kipi kisomwe. Cha tatu ni draiva. Huyu si dereva wa lori. Ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani kati ya hivyo viwili, kwa kuwa kila chombo kina amri zake za kuongeza mwendo, kupunguza sauti au kunyamaza mara moja. Ukimpa DoubleTalk draiva ya DECtalk, amri hazitaeleweka, na chombo kitazitamka kama maneno ya kawaida. Ukisikia namba na vineno visivyo na maana vikiingia katikati ya sentensi, jua umechagua mkalimani wa lugha nyingine.

Tuanze na DOS, kwa sababu ndiyo inayosumbua zaidi.

Chombo huunganishwa kwa waya kwenye tundu la nyuma ya kompyuta linaloitwa COM1 au COM2, mara nyingi lenye pini 9. Pande mbili hazina budi kukubaliana mwendo wa mazungumzo. Mwendo wa kawaida ni 9600, biti 8, bila ukaguzi wa pariti, na biti 1 ya kusimamia. Kabla ya kugusa draiva yoyote, andika amri hizi mbili:

MODE COM1:9600,N,8,1
ECHO JAMBO > COM1

Chombo kikisema neno lile, hata kwa matamshi ya kizungu, basi waya ni mzima, tundu ni lenyewe na mwendo unalingana. Tatizo lililobaki ni la draiva tu. Kikikaa kimya, usipoteze muda na draiva. Jaribu COM2, kisha angalia waya, kisha tazama kitabu cha chombo ujue kimewekwa mwendo gani. Mwenye macho na akae karibu wakati wa jaribio hili, kwa sababu kompyuta ikishindwa kupeleka herufi itaandika malalamiko yake kwenye kioo, na asiyeona hatayajua. Mafundi wengi hulipuuza jaribio hili la dakika moja, kisha wanatoza fedha za siku nzima.

Waya nao una mambo yake. Kompyuta hupeleka herufi upesi kuliko chombo kinavyoweza kuzitamka, hivyo chombo lazima kiweze kusema "ngoja". Hufanya hivyo kwa njia mbili: kwa nyuzi maalumu ndani ya waya, au kwa kurudisha alama ya kusimamisha na alama ya kuendelea, ambazo huitwa XOFF na XON. Waya wa bei rahisi wenye nyuzi tatu tu hauna zile nyuzi maalumu. Draiva ikizitegemea, maneno yatapotea. Katika stoo, kupotea kwa maneno ni hatari kuliko ukimya: aliyesikia "magunia mia" wakati kioo kinasema mia nne atadaiwa tofauti yake. Soma kitabu cha chombo, ujue kinatumia njia gani, kisha iweke draiva vivyo hivyo.

Kasoro nyingine inayojificha ni ya matundu kugombea mlango mmoja. Katika kompyuta hizi COM1 na COM3 huiita kompyuta kwa njia moja, ile ya 4. COM2 na COM4 nazo hutumia ya 3. Ukiwa na modemu kwenye COM3 na chombo kwenye COM1, sauti inaweza kukatika kila modemu inapofanya kazi. Hamisha kimoja. Vilevile kama kipanya kimo COM1, chombo kiende COM2, na draiva iambiwe hivyo.

Sasa ile mistari miwili. DOS inapowaka husoma faili la CONFIG.SYS, kisha la AUTOEXEC.BAT, mstari kwa mstari. Katika stoo ile, programu ya kusoma kioo ilikuwa imeandikwa mwisho wa AUTOEXEC.BAT, nyuma ya mstari uliofungua programu ya hesabu. Kwa kuwa programu ya hesabu ilishika kompyuta nzima, sauti haikupata zamu yake. Mistari ikabadilishwa nafasi, chombo kikasema. Kanuni ya kushika ni kwamba draiva na programu ya kusoma ziitwe mapema iwezekanavyo, ili hata makosa yatakayotokea baadaye yasomwe kwa sauti.

Nafasi ya kumbukumbu ni finyu, kilobaiti 640 tu za kawaida. Tangu toleo la 5 la MS-DOS, la mwaka 1991, amri ya LOADHIGH huweza kupandisha programu ndogo sehemu ya juu na kuacha nafasi kwa kazi. Ila programu nyingine za kusoma hazipendi kupandishwa. Jaribu moja moja. Weka nakala ya mafaili yote mawili kwenye disketi kabla ya kubadili herufi hata moja. Katika toleo la 6, ukibonyeza F5 wakati wa kuwaka, kompyuta huyaruka mafaili hayo na kuwaka hivyo hivyo, jambo lililokwisha kuokoa watu wengi.

Penye Linux mambo ni mepesi. Imo programu iitwayo Speakup inayovifahamu vyombo hivi vya zamani. Wakati wa kuwaka unaongeza maneno speakup.synth=dectlk kwa DECtalk, au speakup.synth=ltlk kwa LiteTalk, na sauti huanza mapema sana.

Penye Windows XP hakuna haja ya kisanduku, spika za kawaida zinatosha. Programu ya bure ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, ilifanya kazi na XP hadi toleo la 2017.3, basi tafuteni toleo hilo hilo, kwani ya baadaye yatakataa. Bonyeza kitufe cha Insert pamoja na Control na S, uchague eSpeak, kisha katika mipangilio ya sauti uchague Kiswahili. Sauti yake ni ya bati, lakini Kiswahili inakijua. Vile visanduku vya zamani vingi vina mdomo wa Kiingereza na huyavunjavunja maneno yetu. Dawa ni kamusi ya matamshi iliyomo katika programu nyingi za kusoma: unaandika neno, na pembeni yake namna ya kulitamka. Mwenzetu wa stoo aliandika majina ya bidhaa zote za kiwanda kwa siku mbili, akisaidiwa na karani wa zamu.

Kwa viongozi wa matawi: Mkataba namba 159 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1983, unahusu kuwarudisha kazini watu wenye ulemavu. Mnapokaa mezani na mwajiri, ombeni yaandikwe mambo mawili. Siku za majaribio zianze kuhesabiwa siku chombo kinapoanza kusema. Na kompyuta ya mfanyakazi asiyeona isibadilishwe kabla mpya haijajaribiwa mbele yake, pamoja na chombo chake, waya wake na draiva yake.