Mvua, Mlima na Muumba: Je, Mungu ni Sababu Miongoni mwa Sababu?



Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, Kanisa lilipokuwa likiadhimisha Dominika ya Kwanza ya Majilio, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuangukia mji wa Katesh na eneo la Gendabi. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Sisi wa Babati, tunaounganishwa na Katesh kwa barabara iendayo Singida, tulihuzunika pamoja na ndugu zetu. Katika huzuni hiyo yalizuka majibu mawili yanayosikika kila penye maafa. La kwanza husema: “Ni mvua tu, Mungu msimtie humo.” La pili husema: “Ni mkono wa Mungu, msitafute sababu nyingine.”

Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini yana kosa moja la pamoja. Yote mawili humweka Mungu katika mstari mmoja na mvua, kana kwamba ni nguvu moja zaidi kati ya nguvu za dunia: mvua ikitenda, Mungu hana nafasi, Mungu akitenda, mvua haina kazi. Kanisa halifundishi hivyo, na ni vema tutazame kwa nini.

Wahenga wetu walisema kuwa penye moshi pana moto. Kutoka katika tokeo kwenda kwenye sababu yake ndiyo kazi ya akili, na akili ni zawadi ya Mungu. Wataalamu wa miamba walipoeleza kwamba sehemu dhaifu ya mlima ilinyonya maji mengi ya mvua, ikazidiwa na kumeguka, hawakumpunguzia Mungu chochote. Walisoma kazi yake.

Lakini hapo ndipo vijana wetu huuliza: “Kama kila kitu kina sababu, sababu ya Mungu ni nini?” Ni swali halali. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alilitoa mwaka 1927 katika hotuba yake mashuhuri ya kuupinga Ukristo. Hata hivyo, Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakusema kwamba kila kilichopo kina sababu. Alisema kwamba kinachobadilika, kinachoanza kuwapo, au ambacho kingeweza kutokuwapo, hakijitoshelezi, kinategemea kingine.

Tutofautishe namna mbili za kutegemea. Mjukuu ametokana na baba yake, na baba ametokana na babu. Babu akifariki dunia, mjukuu huendelea kuishi. Sasa tuangalie taa iwakayo mezani. Mwanga wake unategemea waya, na waya unategemea mtambo wa umeme, si jana bali sasa hivi. Umeme ukikatika, taa huzimika papo hapo. Hata tukiunganisha waya maelfu kwa maelfu, bila mtambo hatutapata mwanga, kwa kuwa hakuna waya wenye umeme wa kwake.

Ulimwengu unamtegemea Mungu kwa namna hii ya pili. Bila shaka mfano una mpaka wake: mtambo nao huhitaji maji au gesi, ilhali Mungu hahitaji chochote. Yeye hakupokea kuwapo kutoka popote. Kwa hiyo kuuliza ni nani aliyemsababisha ni kumdhania kuwa waya mwingine.

Kumbe, uumbaji si tukio la kwanza katika kalenda ya ulimwengu pekee, bali ni tegemeo la ulimwengu wote kwa Mungu katika kila nukta ya wakati. Ndiyo maana Mtakatifu Thoma alikiri kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Jambo hilo twalishika kwa imani. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kama atomu moja ya mwanzo, naye hakutaka nadharia yake ifanywe uthibitisho wa uumbaji. Fizikia huchunguza jinsi hali moja ya ulimwengu inavyofuata nyingine. Kwa nini kuna ulimwengu badala ya kutokuwapo kitu chochote ni swali la namna nyingine.

Wapo wanaopinga hata hapo. Immanuel Kant (1724–1804) alifundisha kwamba tunaweza kupata maarifa kwa dhana ya sababu ndani ya mambo tunayoyaona na kuyagusa tu. Tukiivusha mipaka hiyo, hatujui tena tunachokisema. Onyo hili lina uzito, na Kanisa lilikuwa na onyo lake muda mrefu kabla yake. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba kila tunapoona mfanano kati ya Muumba na kiumbe, tutambue kuwa tofauti kati yao ni kubwa zaidi.

Tunasema “mtu mwenye afya” na “chakula chenye afya”. Neno ni moja, lakini maana si ileile kabisa, wala si ngeni kabisa: chakula huitwa hivyo kwa sababu huleta afya kwa mtu. Vivyo hivyo tunamwita Mungu “sababu” kwa ulinganisho. Hasukumi kitu kama upepo usukumavyo mlango. Anakipa kitu chote kuwapo kwake. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba akili ya binadamu yaweza kumjua Mungu kwa hakika kupitia viumbe. Haukufundisha kwamba akili yaweza kummaliza.

Vipi kuhusu mantiki? Je, Mungu aweza kuumba duara lenye pembe nne, au jiwe zito kiasi kwamba mwenyewe hawezi kuliinua? Mtakatifu Thoma hujibu kwamba mambo yanayojipinga hayamo kabisa katika orodha ya yawezekanayo. “Duara lenye pembe nne” si kitu kigumu kinachomshinda Mungu. Ni maneno yasiyotaja kitu. Wala mantiki si sheria iliyo juu yake. Mwinjili Yohane anatufundisha kwamba hapo mwanzo kulikuwako Neno, na Neno huyo ni Mungu. Ukweli unatoka katika yeye alivyo. Isingekuwa hivyo, ahadi ya ufufuko ingeweza kuwa kweli na uongo kwa pamoja, nasi tusingekuwa na neno la kumwambia mama aliyemzika mtoto wake Katesh.

Turudi basi mlimani. Mungu na mvua hawakugawana kazi nusu kwa nusu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba Mungu, aliye sababu ya kwanza, hutenda ndani ya sababu za pili na kwa njia yake. Mvua ilinyesha kweli, mwamba ulimeguka kweli, na vyote vilipokea kuwapo kutoka kwake. Swali “ni mvua au ni Mungu?” limeulizwa vibaya tangu mwanzo.

Linabaki swali jingine: kwa nini aliruhusu? Hapa tusijifanye kuwa mantiki inatupa jibu, maana hata Ayubu hakupewa. Lakini Bwana wetu alikataa jibu moja waziwazi. Alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, alisema hawakuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Basi asiwepo miongoni mwetu wa kuwahesabia dhambi marehemu wa Hanang.

Na kwa kuwa sababu za pili ni sababu za kweli, kuzijua na kuzizingatia ni wajibu wetu mbele za Mungu. Kutunza misitu ya milima yetu, kuuliza wataalamu kabla ya kujenga kando ya mkondo wa maji, na kutii tahadhari za mvua si upungufu wa imani. Tuyafanye hayo, huku tukiendelea kuwaombea marehemu wetu na kuwasaidia waliobaki.

Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie.