Nukta Iliyopotea

Wazazi wenzetu, wiki iliyopita tulikaribia kumkataza binti yetu tarakilishi. Amemaliza kidato cha nne, na kila baada ya Isha tulimkuta ameinamia kioo. Tukadhani anacheza. Mama yake ndiye aliyetwambia kuwa anatengeneza ukurasa wa mtandao wa kuonyesha kofia wanazoshona kwa mkono nyumbani.

Tukaketi naye, mwalimu akawa mwanafunzi. Akatuanzisha alifu kwa kijiti. HTML huyapanga yaliyomo: hiki kichwa, hiki kifungu, hii picha. CSS huyapamba kwa rangi, ukubwa wa herufi na nafasi. Lugha hii ilipendekezwa na Håkon Wium Lie, Mnorwei, mwaka 1994, na toleo lake la kwanza likatolewa rasmi Desemba 1996. Faili moja ya CSS huweza kuzivika kurasa mia. Ukibadili rangi pale, zote hubadilika.

Kila kitu ukurasani ni sanduku, na sanduku hilo ni kama leso. Katikati pana mji, yaani maandishi au picha. Kisha nafasi ya ndani, kisha pindo, kisha nafasi ya nje inayolitenga na jirani yake. Ajuaye leso amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Lakini usiku ule binti alikuwa akilia. Alitaka maandishi yawe ya kijani na herufi ziwe kubwa; yote mawili yakakataa. Amri huandikwa hivi: jina la sifa, mfano color, kisha nukta mbili, kisha thamani, mfano green, kisha nukta mkato. Sisi CSS hatuijui, ila nukta tumezisomesha miaka mingi: baa, taa na thaa ni umbo moja, hutenganishwa na nukta tu. Tukasoma naye herufi kwa herufi. Baada ya green hapakuwa na nukta mkato. Kivinjari kiliziunganisha amri mbili, kikashindwa kuelewa, kikazipuuza zote bila kusema neno.

Akaitia nukta yake, na maandishi yakageuka kijani.

Anayeanza ahitaji tarakilishi, programu ya kuandikia na kivinjari. Kujifunzia nyumbani, hata mtandao si lazima uwe hewani muda wote. Na ahitaji mzazi anayeuliza kabla ya kukataza. Hilo sisi tulikaribia kumnyima.