Robert Smith: bilionea aliyelipa madeni ya wanafunzi, kisha akakiri kukwepa kodi

Jumapili tarehe 19 mei 2019, vijana karibu 400 walikuwa wakipokea diploma katika Chuo cha Morehouse, mjini Atlanta, Marekani. Wengi wao walikuwa na deni la masomo. Mgeni wa heshima, bilionea Robert F. Smith, aliwatangazia kwamba familia yake italipa mikopo yao. Hesabu ilifika dola milioni 34, pamoja na mikopo ambayo wazazi wao walichukua kwa ajili ya masomo hayo.

Smith alizaliwa mwaka 1962 mjini Denver, baba na mama wakiwa walimu. Alisomea uhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Cornell, kisha biashara Columbia, akaingia kazini katika benki ya Goldman Sachs. Mwaka 2000 alianzisha Vista Equity Partners. Kampuni hiyo hukusanya pesa za wawekezaji, zikiwemo akiba za pensheni za wafanyakazi, hununua kampuni za programu za kompyuta, huzirekebisha, kisha huziuza kwa bei ya juu. Kazi hiyo ilimfanya wakati mmoja kuwa Mmarekani mweusi tajiri kuliko wote, kwa mujibu wa jarida la Forbes.

Mwaka 2016 alitoa dola milioni 20 kwa makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi mjini Washington.

Lakini tarehe 15 oktoba 2020, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba Smith amekiri kuficha mapato ya zaidi ya dola milioni 200 katika akaunti za nje ya nchi. Sehemu ya pesa hizo ilinunua nyumba za mapumziko, zikiwemo za Ufaransa. Nyingine ilitumika kwa kazi za hisani huko Colorado. Hakushtakiwa. Alikubali kulipa dola milioni 139, kusaidia wachunguzi, na kuacha madai ya kurudishiwa dola milioni 182, ambayo kwa sehemu yalitokana na misaada aliyotoa.

Kwa vijana wale wa Atlanta, deni lilifutwa kweli, na hakuna anayeweza kuwanyang'anya nafuu hiyo. Ila anayetoa sadaka huchagua wa kumsaidia, na zawadi ile ilihusu darasa la 2019 peke yake. Kodi ni ya wote, hata wale ambao bilionea hakupita shuleni kwao.