Hodhi Jipya la Samaki na Kinaya cha Usafi

Miongoni mwa wakazi wa Nairobi wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani, mkasa mmoja hurudiwa mara kwa mara. Hodhi la kioo huoshwa likametameta, maji yakajazwa asubuhi, samaki wakatiwa jioni. Kabla ya wiki ya pili kutimia, samaki huanza kuelea matumbo juu. Lawama humwangukia muuzaji, ilhali aghalabu hana hatia. Kilichowaua samaki hao ni usafi wenyewe wa hodhi.

Ili kinaya hicho kieleweke, hapana budi kuanzia kwenye uchafu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yanapooza huiongeza. Ziwani, sumu hii hutawanyika katika maji mengi. Katika hodhi la lita 60 haina pa kwenda. Kinachowakinga samaki ni bakteria. Kundi la kwanza, Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu kwa kuwa huizuia damu kubeba oksijeni. Kundi la pili, Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana isipokuwa ikirundikana. Bakteria hao hujishikiza kwenye changarawe, kwenye kioo na hasa kwenye sifongo ya kichujio. Huchukua takribani majuma 4 hadi 6 kufikia idadi ya kutosha. Hodhi (neno hili lilikuwamo katika Kiswahili kitambo kabla ya 'akwaria' kubisha hodi) linalong'aa siku ya kwanza halina bakteria wa kutosha.

Kwa hiyo mfugaji mwenye subira huliendesha hodhi bila samaki kwanza, akitia chembe za chakula ili bakteria wapate amonia ya kutumia, hadi vipimo vya maji vionyeshe kwamba amonia na nitriti zimefika sufuri. Akipata sifongo iliyotumika katika hodhi kongwe lenye samaki wazima, muda huo hupungua sana. Iwapo samaki wameshaingia, wawe wachache, walishwe kidogo mara moja kwa siku, na robo ya maji ibadilishwe kila baada ya siku moja au mbili.

Maji ya mfereji nayo yana klorini, ambayo huunguza matamvua na kuua bakteria. Yakiachwa wazi ndooni kwa siku nzima, klorini hupaa. Kloramini haipai hivyo, nayo huhitaji dawa maalumu. Hapa ndipo wengi hukosea tena: huichukua sifongo iliyochafuka na kuisugua chini ya mfereji. Kwa tendo hilo moja kazi ya wiki kadhaa huteketea. Sifongo hukamuliwa taratibu ndani ya maji yaliyotekwa kutoka hodhini.

Kuhusu joto, samaki wengi wa kitropiki hustawi kwenye nyuzi 24 hadi 26 za selsiasi, hivyo usiku wa Julai jijini Nairobi huhitaji kipasha maji. Samaki wa dhahabu huvumilia baridi, ila hukua mno kwa bakuli dogo la mezani.

Dalili ya hatari ni samaki kupanda juu ya maji na kutweta. Wapo wanaodhani kwamba ana njaa, wakamwongezea chakula, na chakula hicho kikazidisha amonia ileile inayomsonga.